Kamba ya Makopo

Sikudhani alikuwa juu ya dungu, kamba ya makopo mkononi, jeneza lilipotokea kwenye njia iliyopita kando ya shamba. Ndani yake alilala Nyamizi, jirani yake. Mashamba yao ya uwele yalipakana na kamba ilikuwa moja: huyu akivuta huku au yule akivuta kule, makopo yanalia kote na ndege wanakimbia. Kila asubuhi walisalimiana hivyo, kwa kuvutiana kamba.

"Usivute," mama mkwe alimnong'oneza kutoka chini. "Maiti akipita hapigiwi makelele."

"Mama, kweleakwelea hao wanashuka!"

"Nimesema usivute."

Kundi lilishatanda juu ya uwele. Likatua lote kwa pamoja, masuke yakainama. Jua lilikuwa limekwisha kuunguza mahindi. Chakula cha mwaka kilikuwa ndicho hicho, na zilibaki siku nane tu kuvuna.

Wabebaji wakasimama kupokezana mabega. Pale pale, mbele ya dungu lake! Sikudhani akaifumbata kamba mpaka ikamkata kiganja, asithubutu kuivuta wala kuiachia.

Mume wa Nyamizi akageuka, akawatazama ndege. Kisha akatoka kwenye msafara, akaingia kwenye uwele na kanzu yake, akapanda dungu tupu la mkewe.

Kabla hata kopo moja halijalia, Sikudhani aliisikia kamba ikikaza kiganjani, kama kila asubuhi.