Mzigo Kamili

Nilipotoka msalani, afisa wa forodha alikuwa amekata utepe mweusi wa bomba langu la sampuli na kumwaga mchanga wote mezani, pale dirishani, jua likiuwakia.

Mchanga ule ulikuwa umefukiwa gizani tangu watu wa kwanza walipowasha moto bondeni kwetu. Maabara ingeupima umri kwa muda uliokaa katika giza hilo tu. Mwanga ukiugusa, miaka yote inafutika.

“Nilidhani una dhahabu ndani, dada,” alisema kwa upole. Angekuwa mkorofi ningemfokea. Akaukusanya kwa kadi, akakung’uta hata punje zilizonasa kwenye kucha. “Hakuna kilichopotea. Na si unaweza kuchota mwingine?”

Tangu Jumanne, bonde lilikuwa chini ya maji ya bwawa.

Nikatia sahihi kwamba nimepokea mzigo kamili.