Mtungi Nyuma ya Pazia

Birika lilipochemka, wageni walipiga makofi. Mkurugenzi akawaonyesha mtambo wenye chupa nene iliyojaa barafu kutoka chini ya bahari.

"Barafu hii imebana gesi," alisema. "Maikrowevu inawasha plazma, yaani gesi inayong'aa kama radi, nayo inaifungua. Chai yenu imepikwa kwa barafu."

Mhandisi Saumu, aliyeunda mtambo huo, hakupiga makofi. Moto wa mtambo wake haukuwahi kuwa mkubwa kama huu uliokuwa chini ya birika. Aliufuata kwa macho mpira wa gesi uliotoka kwenye jiko, akavuta pazia. Mpira uliishia kwenye mtungi wa gesi ya dukani.

"Moto wako ni mdogo, mama," Mkurugenzi alimnong'oneza. "Usituaibishe."

"Aibu umeshaileta wewe."

Saumu alifunga mtungi, akachomoa mpira, akauchomeka kwenye mtambo wake, akauwasha. Ndani ya chupa mwanga wa zambarau ulicheza juu ya barafu. Akawasha kiberiti. Kwenye jiko ukawaka moto wa buluu, mdogo kama ukucha.

Akaimwaga chai yote dirishani, akajaza maji baridi, akabandika birika upya.

"Huu ndio wangu. Anayetaka chai atasubiri."

Mkurugenzi alianza kuomba radhi. Mgeni mmoja akavuta kiti karibu na moto, akakaa, kikombe kitupu mkononi.