Ubao wa Kujaribia

Msumeno wa zamani wa umeme ulikufa siku baba alipoutumia kukata waya wake wenyewe. "Bahati mbaya tu," alisema, na binti yake akakubali shingo upande.

Sasa walikuwa dukani, na baba alikuwa akiipima mikononi misumeno mitatu ya umeme kama mtu anayechagua tikiti.

"Huu mzito. Huu unatetemeka kama kuku mgonjwa. Huu hapa ndio wenyewe!"

"Jaribu kwanza, mzee," muuzaji alisema. Aliweka kipande cha ubao mezani, akachomeka waya ukutani.

"Mwanangu, nichoree mstari."

Binti alichomoa penseli nyuma ya sikio. Ikamponyoka, akainama kuiokota chini ya meza. Juu yake msumeno ukaanza kunguruma.

Alipoinuka, baba alikuwa ameukandamiza ubao kwa mkono wa kushoto, kidole gumba mbele kabisa ya meno ya msumeno.

"Mstari umenyooka vizuri," baba alisema. "Nauona."

Ubao ulikuwa mweupe pe, hauna hata doa.

Binti aliurukia waya, akauchomoa ukutani.

Msumeno ukazima.

"Umeme umekatika?" baba aliuliza.

Muuzaji aliitazama taa iliyokuwa ikiwaka juu ya vichwa vyao.