Arobaini za Ofisi

Nakutegea: mkate ni mmoja, mwenye njaa ameketi mezani anangoja, lakini anayeumega kwanza ni bawabu wa mlangoni, na siku nyingine anaumaliza. Nini hicho? Fikiri. Umeshindwa? Basi nipe mji. Umenipa Harlow, huku kwetu Alabama? Nimefika Harlow, nimekaa, nimekula kuku wao, na jibu nimelikuta dirisha namba mbili, ofisi ya wafungwa wa nje.

"Dola thelathini," alisema karani wa dirishani, msichana mwenye kucha ndefu za rangi ya chungwa. "Zote zinaingia kwenye ada ya usimamizi. Ada ni arobaini, kwa hiyo bado kumi. Fidia, sifuri."

"Mwezi jana ulisema hivyohivyo," alisema Bi Verlene Mabry.

"Na mwezi ujao nitasema tena, mama. Mimi kasuku tu, nalipwa kwa kurudia."

Nyuma ya Bi Verlene alisimama Tavaris Boykin, miaka ishirini na sita, kofia mkononi. Karani alimtazama kwa juu ya kioo.

"Una bahati wewe. Wenzako wanakuja hapa kwa miguu. Siku hizi nani anamleta mtu mzima mpaka dirishani?"

Tavaris alitazama viatu vyake. Bi Verlene alichukua risiti, akaikunja mara mbili.

Bi Verlene hakuhisi kitu. Tangu mwaka juzi alikuwa hivyo, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, ila ganzi yake ilikuwa ya mwili mzima. Alikula kwa sababu saa ya kula ilifika. Kanisani walimshika mkono, naye aliwaachia mkono waushike.

Siku hiyo ilikuwa ya mahakama. Kwenye ile Buick kuukuu Tavaris aliketi kiti cha nyuma, kama kawaida yake, ingawa cha mbele kilikuwa kitupu. Bi Verlene alizunguka kwa njia ndefu ya kiwanda cha mbao. Njia fupi ya darajani hawakuwahi kuipita wakiwa pamoja.

"Umekula?"

"Ndiyo, Bi Verlene."

"Usiniongopee."

"Sijala."

Alimpitishia nusu ya mkate wa soseji juu ya bega, bila kugeuka.

"Jaji akikuuliza, tamka. Wewe ukiongea utadhani umetiwa pamba mdomoni."

"Na akikataa kupunguza ada?"

"Unaingia jela miaka mitatu. Na mimi na mtoto tunakula hewa."

Mtoto alikuwa Jalisa, mjukuu wake wa miaka minne. Asubuhi ile, kama kila siku ya kumpeleka Tavaris, Bi Verlene alikuwa amemwacha kwa jirani. Viatu vya Jalisa vilikuwa vimeanza kumbana, na Bi Verlene alikuwa amevikata mbele kwa kisu ili vidole vipumue.

Mahakamani jaji alikuwa mgeni, Bi Whitlow, ameletwa mwezi uleule. Alisoma jalada kwa sauti ya mtu asomaye orodha ya dawa.

"Kusababisha kifo barabarani, pale darajani. Alisinzia kwenye usukani akitoka zamu ya pili. Kifungo cha nje miaka mitano, na fidia. Ada ya usimamizi imechelewa miezi miwili. Bwana Boykin?"

"Kiwanda cha kuku kimepunguza zamu, Mheshimiwa," alisema Tavaris, na safari hii alitamka. "Napata dola thelathini za kuleta. Ofisi inachukua zote. Fidia haipati hata senti. Naomba ile arobaini iwe kumi."

Afisa wake, Bwana Grubbs, mtu wa tumbo na tai fupi, alisimama. "Mheshimiwa, wakipunguziwa wote, mimi nitalipwa nini? Mapaja ya kuku?"

Watu wawili watatu walicheka. Jaji hakucheka.

"Kuna mwingine mwenye neno?"

Bi Verlene alisimama.

"Wewe ni nani wake?" aliuliza jaji.

"Naomba niseme kwanza, Mheshimiwa, nisije nikasahau." Alishika ukingo wa benchi la mbele. "Mimi nina mtoto wa miaka minne nyumbani. Huyu akiwa nje anafanya kazi, mtoto anaweza kuvaa. Mkimfunga, mtoto havai. Basi. Mimi si mtu wa maneno mengi. Kila mwezi namleta dirishani mwenyewe, ili asiseme amekosa usafiri. Nimemleta kwenye mvua. Nimemleta nikiwa na homa. Lakini kila nikimleta, wanaokula ni ofisi."

Bwana Grubbs alijikohoza. Jaji alimtazama Bi Verlene kwa muda, kisha akamtazama Tavaris, na uso wake ukalegea kidogo, kama uso wa mtu aliyemkumbuka mzazi wake.

"Ada itakuwa dola kumi kuanzia mwezi huu," alisema. "Zinazozidi ziende kwenye fidia. Deni la miezi miwili limefutwa. Bwana Boykin, unabaki nje. Na usisahau aliyekusimamia leo."

"Sitasahau, Mheshimiwa," alisema Tavaris, na pamba ikarudi mdomoni.

Bi Verlene alingoja ajisikie kitu, furaha au hata uchovu. Hakikuja. Alianza kufunga vifungo vya koti.

"Samahani, Mheshimiwa," alisema karani wa mahakama, mzee aliyeandika kwa mkono. "Huyu aliyezungumza hakujibu swali. Lazima niandike uhusiano wake na mshtakiwa. Niandike mama yake?"

Jaji alikuwa ameshaanza kuitikia kwa kichwa.

"Hapana," alisema Bi Verlene. "Andika mama wa marehemu."