Mlango wa Fuko

Zama zile wanyama walipojengeana nyumba, Fuko fundi alimchimbia Mama Pimbi nyumba yenye mlango mmoja wa majani, unaofunguka jua likichomoza na kujifunga likizama. Mama Pimbi, msahaulifu kupindukia, aliupenda mno.

"Jirani, huna hata komeo?" Nguchiro mjuaji alimcheka. "Mimi nina milango tisa, kila mmoja naufunga nitakavyo."

Ikaja mvua, jua lisionekane siku tatu. Mlango haukufunguka. Watoto wakalia njaa, na Mama Pimbi akausukuma kwa kichwa mpaka akachubuka, akijuta kumwachia fundi aamue kila kitu cha nyumba yake.

Ndipo akamsikia Fuko akiita kutoka nje: "Mama, vuta kitanda! Udongo wa ukuta ulio nyuma yake nimeuacha laini makusudi. Kwaruza!"

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia mapema ungesahau!"

Mama Pimbi akakwaruza mara mbili tu, mwanga ukaingia. Fuko alikuwa ameshakwenda zake; nje alisimama Nguchiro, ameloa chepechepe. Kati ya milango yake tisa, alisahau kufunga wa saba.

"Hodi, jirani," akasema kwa upole. "Namtafuta fundi wako."

"Karibu," akajibu Mama Pimbi. "Pita hapa nilipofungua kwa kucha zangu."