Chujio la Ukumbini

Chujio la hewa lilikuwa limetoweka tena.

Mke alisimama ukumbini, mikono kiunoni, akilikodolea macho tundu la mraba darini, pale mashine ya nyumba ilipovuta hewa kabla ya kuipasha moto au kuipoza na kuisambaza vyumbani. Wavu wa bati ulikuwa umefungwa vizuri, skrubu zote mahali pake. Nyuma ya wavu, pale chujio lilipopaswa kukaa linase vumbi, patupu.

Chumbani mumewe alikohoa, kile kikohozi kirefu cha kukwangua kifua.

"Umelitupa wapi?" mke aliuliza bila kugeuka. Alijua wifi yake yuko nyuma. Mtu yule hakuwa akitembea, alikuwa akinyata.

"Sijaligusa," wifi alijibu. "Anayelitoa ni yule aliyechoka kuuguza. Mdogo wangu akifa, kuna mtu ataolewa kabla udongo haujakauka."

Kifua kilikuwa kimemwangusha mumewe tangu baridi ilipoanza. Daktari alisema asivute vumbi, apumzike, kazini asirudi mpaka apate nafuu. Wifi akaja kumjulia hali na sanduku kama la mtu anayehama. Tangu hapo jikoni kulikuwa na sufuria mbili za supu, na kila mmoja aliinusa ya mwenzake kana kwamba ina sumu. Mgonjwa akitaka kwenda msalani, mmoja alishika bega la kulia, mwingine la kushoto, na hakuna aliyekubali kuachia.

Dukani kununua chujio jingine walikwenda pamoja, maana hakuna aliyemwamini mwenzake kwenda peke yake.

Fundi wa pale dukani aliweka machujio matatu mezani. La kwanza lilikuwa jembamba, ukilinyanyua unaona mwanga upande wa pili. La pili lilikuwa na mikunjo. La tatu lilikuwa nene, jeupe, kama kipande cha godoro.

"Hili," wifi alisema, tayari amelikumbatia la tatu. "Mdogo wangu si wa kuwekewa karatasi."

"Mashine yenu ni ya zamani?" fundi aliuliza.

"Tuliikuta tulipohamia," mke alisema.

"Basi hilo litaikaba. Hewa haitapita, mwisho mota itaungua. Chukueni la mikunjo. Likibadilika rangi, mnaleta jingine."

"Umesikia, wifi? Litaikaba."

"Mambo ya kukaba unayajua wewe."

Fundi alijifanya anatafuta kitu chini ya meza. Alipoinuka, mke alikuwa ameshalilipia la mikunjo. Fundi akaenda kulifunga mwenyewe, ahakikishe mshale uliochorwa ubavuni mwake umeelekea kule hewa inakokwenda.

Likafanya kazi. Kikohozi kikapungua, mgonjwa akawa analala fofofo, mashavu yakarudi. Wifi akaanza kukunja nguo zake, uso umemshuka. Mke naye akakaa ukingoni mwa kitanda, akamwambia mumewe kwamba bosi wake amepiga simu, anauliza atarudi lini.

Kesho yake kikohozi kikarudi, kibaya kuliko mwanzo. Wifi akazirudisha nguo kabatini. Mke akachungulia darini. Patupu.

Safari hii hakugombana na mtu. Alimwita fundi, naye fundi akafunga jingine la mikunjo. Asubuhi iliyofuata, wifi alipoaga kwamba anakwenda duka la dawa, mke alisikiliza hatua zake mpaka zikapotea. Hakumwamini hata kidogo. Naye akachukua kikapu, akatangaza kwa sauti kwamba anakwenda sokoni na atachelewa, akatoka kwa mlango wa mbele. Kisha akazunguka nyuma ya nyumba ajibanze kwenye pembe ya ukuta, amngoje mwizi wake.

Pembe ilikuwa na mtu. Wifi alikuwa amechuchumaa pale, viatu mkononi.

"Unafanya nini hapa?" mke alinong'ona.

"Nakungoja wewe. Nimekuvumilia vya kutosha, leo nakukamata."

"Unikamate mimi? Mimi ndiye niliyekuja kukukamata wewe."

"Mwongo mkubwa."

"Mchawi."

Wangeendelea hivyo mpaka majirani watoke, lakini ndani ya nyumba skrubu ililia, ikizungushwa polepole. Mke akamtazama wifi. Wifi akamtazama mke. Kisha wakausukuma mlango wa nyuma kwa pamoja.

Mgonjwa alikuwa amesimama juu ya stuli, wima kama nguzo, bisibisi mkononi, chujio kwapani, akipiga mluzi.

Alipowaona, mluzi ukakatika. Akashuka taratibu, akajishika kifua, akaanza kukohoa.