Somo la Kuangalia Tu

"Usimwite," Makena alininong'oneza nyuma ya kioo cha kuonea upande mmoja tu. "Mtafiti anaangalia tu, dada. Ukimwita umeharibu."

Alikuwa akinifundisha kuchunguza watoto wa chekechea hapa Peckham, London, na mtoto wa kwanza nilimtoa mwenyewe: binti yangu wa miaka miwili. Tulimwacha chumbani na mwalimu asiyemjua.

Alilia akigonga mlango niliotokea. Kisha akanyamaza, akavua kiatu kimoja, akakikumbatia.

"Haya, ingia sasa."

Niliingia nimefungua mikono, kama kila jioni nikitoka kulea watoto wa watu. Mwanangu alinitazama, akanipita, akampelekea yule mwalimu kiatu amvishe.

Makena alisimama mlangoni. "Usilie, dada," alisema taratibu. "Andika ulichokiona."